Rangi ya Teksi Ndogo

Kizito, dereva mstaafu aliyekuwa akipoteza macho, alitumia miezi minane kuunganisha kwa kupapasa gari dogo la plastiki, mfano wa teksi yake ya zamani. Akalipeleka kwa shemeji yake Nyange, fundi wa kupaka rangi magari.

"Shemeji, nitumie rangi ipi?"

Nyange alijua kuwa rangi ya maji ndiyo salama, na kwamba ya magari huyeyusha plastiki. Lakini hakuwahi kumsamehe Kizito kwa kumwoa dada yake. Akampa kopo la kupuliza, la rangi ya magari.

"Gari ni gari, shemeji."

Kizito akapuliza taratibu. Paa likalainika, likabonyea. Milango ikajikunja.

"Imekaaje?" akauliza, akitabasamu.

"Inang'aa. Ongeza mkono wa pili wa rangi."

Kizito akalitikisa kopo.