Sarafu ya Tundu

Siwema aliuza maji ndani ya kibanda cha mabati, na wateja aliwajua kwa mikono tu, ile iliyopenya kwenye kidirisha. Sarafu hakuzitazama. Kidole gumba kilimwambia ipi imepinda, ipi imekatwa ukingo, na zote za namna hiyo alizirudisha, maana tajiri wake alimkata mshahara kwa kila mbovu.

Adhuhuri hiyo gumba likakuta tundu.

"Hii imetobolewa. Haipokelewi."

"Sina nyingine, mama," ilisema sauti iliyokauka. "Nisaidie hata nusu dumu."

"Kila mtu hana nyingine. Haya, anayefuata!"

Akaisukuma nje. Vidole vyembamba vikasita juu ya ubao, kana kwamba vinasubiri kitu, kisha vikaiokota.

Alikuwa ameshapokea sarafu mbili zaidi gumba lilipokumbuka. Kando ya tundu lile palikuwa na mkwaruzo mrefu. Msumari ulimteleza yeye mwenyewe, miaka tisa iliyopita, alipoitoboa sarafu ya kumvika mwanawe Shomari shingoni siku ya safari. "Usiitoe," alimwambia, "mpaka siku utakapokosa kila kitu."

Akatoka mbio bila viatu.

"Yuko wapi yule wa sarafu ya tundu?"

"Ameshaondoka," alijibu mwanamke wa mbele kwenye foleni. "Kaacha hata dumu lake."

Siwema akaliweka dumu chini ya bomba, akafungua. Likajaa, likafurika. Watu wakampigia kelele afunge, naye akasimama tu, akiyatazama maji yanavyoifuata barabara.