Siku Wiston Alipoeleweka

Wiston alikuwa hajashuka vizuri kwenye bodaboda alipopigiwa vigelegele.

"Mkutano ndio huu," dereva alisema, akageuza pikipiki.

Alishtuka. Miaka saba ya kuuza mifumo ya kompyuta, na hakuna aliyewahi kumshangilia. Kule Bisibo katibu alisinzia mbele yake. Biharamulo mjini mwenyekiti aliaga anakwenda kujisaidia, hakurudi. Na asubuhi hiyo bosi alikuwa amemwambia wazi: chama cha ushirika cha Nyamahanga kikikataa mfumo, asirudi ofisini.

Akapelekwa kwenye kiti cha mbele, chini ya turubai. Wazee wa suti, akina mama wa vitenge vipya. Bodi yenye heshima zake, aliwaza, akajuta kuvaa fulana.

"Shikamooni."

"Marahaba. Tunajua umetumwa," alisema Mzee Pancras, aliyeketi katikati. "Sema, tunasikiliza."

Umeme haukuwepo, na kompyuta yake ilikuwa imeisha chaji. Akabaki na mdomo wake tu, ambao hata mkewe hakuuamini sana. Akaamua kueleza sehemu mbili za mfumo wake: inayohudumia watumiaji na inayotunza kumbukumbu.

"Wazee wangu, nina habari za wawili. Wa kwanza ni seva ya programu. Wa pili ni kanzidata ya objekti. Watu huwashindanisha. Wanakosea."

"Huyo seva, ana kazi?" aliuliza Mama Melania, aliyekaa kando ya mzee.

Wiston alikuwa hajawahi kuulizwa swali zuri hivyo. "Kazi tu, mama! Wakimjia watu mia kwa wakati mmoja, wote anawahudumia."

"Na kutunza?"

"Hapo ndipo penye shida. Hatunzi kitu. Akizimika akawashwa tena, hakumbuki lolote."

Akina mama waliguna, wakatazamana.

"Sasa huyu wa pili, kutunza ndiyo kazi yake. Kila kitu anakiweka kama kilivyo, mzazi pamoja na watoto wake, hatenganishi. Ila akiwafungulia mlango wageni mia peke yake, atalemewa."

"Kwa hiyo unashauri nini?"

Wiston alisimama. "Tusichague mmoja. Tuwaunganishe!"

Vigelegele vikalipuka upya. Babu mmoja alifuta machozi. Wiston naye akajiambia: kumbe hakuwa mchoshi kama walivyosema, alikosa tu watu wa kumwelewa. Akaanza kuiwazia sura ya bosi atakaposikia.

Wazee wakateta kidogo kwa Kisubi, lugha asiyoijua. Kisha Mzee Pancras akaja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, washenga wawili tumewakataa hapa, hawakujua kuzungumza. Wewe umetupa mafumbo, kama enzi za baba zetu. Kawaambie upande wa kijana kwamba posa tumeipokea. Binti yetu Happy ataolewa."