Picha ya Kumtumia Mama

Asubuhi ya Jumapili, mama yake Khamala alimpigia simu kutoka Bungoma. "Nitumie picha yako na marafiki zako wa Nairobi. Nataka kuwaona."

Khamala alipekua simu yake yote. Miaka minne Kibera, na kila picha ni yeye peke yake, au ukuta aliomaliza kuupiga plasta.

Akatembea mpaka Kawangware, mahali asipojulikana, akaingia kwenye studio ya picha.

"Uko na nani?" mpiga picha akamuuliza, akichungulia mlangoni.

"Niko peke yangu," Khamala akasema. "Boss, unaweza kusimama na mimi? Nataka kumtumia mathe."

Mpiga picha alimtazama kidogo, kisha akaitega kamera kwenye stendi, akaja mbio na kumwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mzito, na joto lake lilipenya shati. Khamala hakukumbuka mara ya mwisho kushikwa hivyo.

Kamera ikalia. Mkono ukaondoka.

"Imetoka poa sana," mpiga picha akasema, akimwonyesha.

Khamala aliitazama. Alikuwa anatabasamu, macho wazi kabisa.

"Hapana, bro," akasema. "Nimefunga macho. Tupige ingine."