Harusi Isiyo na Pilau

Mashine ya kupumulia ya Bi Mwanaidi ilikoroma taratibu kabla ya alfajiri, kama paka aliyeshiba. Mjukuu wake, Shamsa, alikaa miguuni pake, hina mbichi mikononi.

"Bibi, leo unakuja harusini kwangu."

"Nikija na hii mashine, kipimo kitajaa kabla wali haujaiva. Watazima umeme, wageni watatawanyika. Niache, mama. Vigelegele nitavisikia hapa hapa."

Ndiyo sheria: kila sherehe ina mgao wake wa moto na umeme, na mashine ya mgonjwa huhesabiwa humo humo pamoja na spika. Mwaka wa tatu sasa Bi Mwanaidi alikuwa hajaalikwa popote, wala hakumlaumu mtu.

"Wali haupikwi," Shamsa alisema. "Wakwe nimeshawaambia."

"Harusi bila pilau? Watakusema mpaka uzeeke."

"Waseme huku wakila tende."

Na kweli, mchana wageni walikula tende, ndizi mbivu na mtindi. Hakuna sufuria iliyoinjikwa. Mama mkwe ndiye aliyeongoza nyimbo kwa sauti yake tu, huku ameushika waya wa mashine ya bibi ili usikanyagwe.

Jioni watu kumi walimrudisha bibi nyumbani, wakajazana chumbani wakicheka. Kipimo cha ukutani kikalia: watu wakizidi wanne, nayo ni sherehe, na mgao ukiisha umeme hukatwa. Wakainuka, wakitafuta viatu.

Bi Mwanaidi alimshika mama mkwe mkono.

"Mje tena, wanangu. Hata wawili wawili."