Kipimo cha Juu

Kila asubuhi kioo cha sebuleni kilimpima Tunu, kama vioo vilivyowapima vijana wote wa mji. Uti wa mgongo ukipinda digrii ishirini na tano, mtoto hupelekwa siku hiyohiyo kupasuliwa na kutiwa vyuma, na mgongo hauinami tena.

"Ishirini na tano," kilisema kioo. "Gari linakuja."

"Mpime tena," alisema mama yake, Mwanakheri.

Tunu akasimama tena. Ishirini na mbili.

Mwanakheri akampigia simu mkaguzi wa vioo. "Mgongo ni uleule, dakika mbili hazijapita. Kifaa chenu kinakosea digrii tatu!"

"Hata tano, mama. Tunalijua hilo. Sheria inachukua kipimo cha juu."

"Mnajua, na bado mnampasua mwanangu?"

"Usinipigie kelele. Mwandae binti."

Gari lilipopiga honi, Tunu aliinama kufunga kamba za viatu. Mwanakheri aliukazia macho mgongo ule mwembamba, ukijikunja bila taabu yoyote.

"Zifungue," alisema kwa ukali. "Ufunge tena."

"Mama, mbona zimekaza vizuri?"

"Nimesema fungua."