Salamu ya Pili

Bi Zamaradi alipoingia darasani katika shule ya pili siku hiyo, kazi yake ilikuwa ndogo: kuhakikisha kwamba shule ipo na ina wanafunzi. Ndipo ingeingizwa kwenye orodha ya shule binafsi ambamo wangechaguliwa watoto wa kupimwa kwa mtihani wa taifa.

Watoto walisimama kwa pamoja, sweta zao nyekundu zikinukia upya. "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, wanangu."

Msichana mmoja wa mbele, mwenye pengo, alinyamaza. Mwalimu mkuu akamkazia macho. "We Siwema, huna adabu? Mwamkie mgeni!"

"Nilishamwamkia asubuhi," mtoto akasema, kama mtu aliyeonewa. "Kule tulikovaa sweta za kijani."

Bi Zamaradi alisogea karibu na watoto. Akawatazama upya: yule mwenye kovu kwenye paji la uso, wale mapacha, yule wa kikohozi. Wote alikuwa amewaona asubuhi, upande wa pili wa mji, akawaitikia marahaba na kuipitisha shule yao.

"Watoto bwana!" mwalimu mkuu akacheka, peke yake. "Huyu anaota mchana."

Bi Zamaradi alikuwa amegeukia dirishani. Uani, basi la shule lilikuwa linanguruma, na ndani yake dereva alikuwa akipanga sweta za njano, moja kwa kila kiti.