Rambirambi Zilizotangulia

"Tumelia pamoja nawe tangu tuliposikia msiba wako," aliandika mmisionari mwenzangu kutoka ng'ambo. "Jipe moyo. Mwisho ulikuwa wa amani."

Msiba gani? Nilisoma kurasa zote nne, mbele na nyuma. Hakutaja jina, maana aliamini nimekwisha kuambiwa.

Huko nyumbani nilimwacha mke wangu na mabinti wetu wawili. Barua ilikuwa ya miezi saba iliyopita. Miezi saba nimewaombea wote watatu kila asubuhi, mmoja mmoja kwa jina.

Nikaukung'uta mfuko wa barua mezani. Mpishi akachungulia ndani yake.

"Baba mchungaji, kuna nyingine imenasa kwenye mshono. Ina ukingo mweusi, kama barua za msiba."

"Usinipe. Ilaze kifudifudi."

Akailaza. Lakiri, ile nta ya kufungia barua, ilikuwa imepasuka katikati, na chumvi ya safari imekauka juu yake kama ukoko. Mwandiko wa upande wa pili ungeniambia kila kitu.

Nikaigeuza. Zilikuwa herufi ndefu, zimelalia kushoto, za mke wangu.

"Asante, Mungu," nikasema. "Mke wangu yu hai."

"Amina," mpishi akaitikia.

Ndipo nikawakumbuka mabinti.